Maziwa Hayana Haja ya Shuka

Uingereza, majira ya baridi

Kwa dada yangu mkubwa Halima, na kwa shemeji Bare anayekusomea.

Assalamu alaikum, abaayo. Ni amani hapo nyumbani? Goti lako linakuacha ulale? Mto umebaki ndani ya kingo zake, au umekuja tena kuwabishia hodi? Na punda wenu wa kubebea maziwa, yule wa sikio lililokatika, bado anawatii ninyi wanawake tu na kuwadharau wanaume? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimenenepa kwa viazi, na ndevu zimezidi weupe. Mwenye nyumba wangu husema ni theluji iliyosahau kuyeyuka.

Shemeji Bare, ngoja kidogo kabla hujaendelea. Kisomali chetu tunakisema tu, hatukiandiki, ndiyo maana naazima Kiswahili cha ofisini nawe unamgeuzia dada yangu. Kigeuze kama kilivyo. Mara iliyopita nilimtania kwamba nyama yake ya Idi ilikuwa haina chumvi, naye akanijibu kwa kunishukuru kwa maneno mazuri. Nikajua kuna mtu katikati amekata kipande. Leo usikate, maana leo mwenyewe umo ndani.

Masomo yanakwenda. Kila nikikueleza ninachosoma, abaayo, unasema, "Kwa hiyo unasomea soko." Ni kweli, nasomea soko. Miaka yote niliyokuwa karani wa mnada wa mifugo pale Garissa nilidhani soko nalijua, kumbe nilikuwa najua vumbi lake. Hapa tunafundishwa sheria za uchumi: wafanyabiashara wakipatana chinichini ili wengine wakose nafasi, serikali ifanye nini, na mmoja akiwameza wenzake wote, nani amtapishe. Vitabu vyake ni vizito. Kimoja nakiegemeza mlangoni upepo usiupige, na mpaka sasa hapo ndipo kimenifaa zaidi.

Siku ya kwanza nilipoingia darasani vijana wote walisimama. Walidhani mimi ndiye Profesa. Nikaona si adabu kuwaaibisha, nikawaashiria wakae, nikaenda zangu kuketi nyuma. Profesa wa kweli alipoingia, hakuna aliyesimama.

Huyo Profesa ni mzee mwembamba, mpole, anayependa kuuliza. Juzi juzi aliniuliza mbele ya wote, "Bwana Yusuf, kwenu bei inapatikanaje?" Nikamwambia kuna bei ya mnada wa serikali, ile ya kupaza sauti, na kuna bei ya kweli, ambayo dalali na mnunuzi wanaifunga chini ya shuka kwa kubanana vidole, idadi ikiwa ndiyo bei, wala aliyesimama ubavuni hajui. Hakuelewa. Nikaenda mbele, nikavua skafu yangu, nikafunika mkono wake na wangu, nikamwambia nataka kununua mwavuli wake. Nikambana vidole. Akatazama dari kama mtu anayepimwa na daktari. Nikambana tena.

"Bwana Yusuf," akasema, "sijui kama nimeuza au tumesalimiana tu."

Darasa lilicheka sana. Lakini yeye hakuniachia mkono. "Mwenye ngamia wa pili atajuaje wa kwanza ameuzwa kwa bei gani?"

"Hajui," nikamjibu. "Ila anamjua ngamia wake. Huyu ana nundu nzuri, yule ana jicho bovu. Kila mmoja na bei yake, na siri ya kila mmoja ni heshima ya mwenyewe."

"Na kama ngamia wote wangekuwa sawasawa?"

Nikachukua skafu yangu nikarudi nyuma, na mwavuli sikuupata.

Wiki hiyohiyo barua yako ikafika, ile uliyomwandikisha karani wa posta ili shemeji asiione. Samahani, shemeji, ndiyo sasa umejua. Narudia aliyoniambia mkeo, ili kama sikuelewa vizuri anisahihishe. Kwamba yule tajiri wa lori mnayemwita Dheere kwa urefu wake anataka maziwa yote ya kundi lenu la wanawake ayapeleke kwenye kambi za wajenzi wa barabara. Kwamba bei anayotoa inapita ya wanunuzi wote mliowahi kuwaona. Kwamba sharti lake ni moja, msimuuzie mtu mwingine hata kikombe, hata Dahabo, mjane anayepika chai pale kivukoni. Kwamba hakuja kwenu wanawake, bali aliwaendea waume zenu mmoja mmoja, akaingiza mkono wa kila mmoja chini ya shuka yake. Na kila mume alirudi nyumbani anatabasamu, ukimuuliza vidole vingapi, anasema hayo ni mambo ya wanaume. Anataka jibu kabla kiangazi hakijaanza, nawe unaniuliza mkubali au mkatae.

Nakwambia kweli, nilifurahi kuulizwa. Nikakaa na kalamu, nikajaza karatasi nzima kwa maneno mazito ya sheria, nikajisomea, nikaona hata mimi sikuelewa. Nikaitumia kuwashia moto.

Aliyenisaidia ni Bi Edith, mjane mwenye nyumba hii. Asubuhi maziwa huletwa mlangoni kwenye chupa, meupe, safi, hayana harufu ya moshi wa kibuyu hata kidogo. Nayanywa kwa adabu tu. Siku hiyo chupa ilichelewa, naye akawa anasimama dirishani, anakaa, anasimama.

"Si umkemee anapokuja?" nikamwambia.

"Zamani ningemkemea. Walikuwa wawili hapa mtaani, mmoja na farasi mweupe, mmoja na farasi wa kahawia. Huyu akichelewa, namngoja yule."

"Yule alikwenda wapi?"

"Wa farasi mweupe alishusha bei mpaka tukaona aibu kununua kwingine. Mtaa mzima tukahama. Wa kahawia akauza farasi wake." Akachungulia tena nje. "Bei sasa imerudi juu, na nikilalamika ananijibu, 'Basi, mama, kunywa chai ya mkandaa.'"

Tukainywa hivyo hivyo, nyeusi, bila tone la maziwa, nami nikawa nakuona wewe, abaayo. Yule alishusha bei akawapata wanunuzi wote. Dheere anaipandisha awapate wauzaji wote. Njia mbili, zinafika kisima kimoja. Leo anawapa zaidi ya Dahabo. Dahabo akikosa maziwa atafunga birika, atarudi kwa ndugu zake, na wale wanunuzi wengine wadogo watafuata. Kiangazi kikibana na lori likawa moja tu, Dheere akitaja bei ndogo mtamwambia nani, "Basi tunampelekea mwingine"? Na usisahau mwaka ule mvua ilipofunga barabara, lori zote zikakwama huko njiani. Ni nani aliyechukua maziwa yenu, akayachemsha mchana kutwa ili yasimwagwe?

Nilitaka kuwa na hakika, basi nikamfuata Profesa ofisini kwake. Nikamweleza kundi lenu lilivyo: kila siku mmoja anabeba maziwa ya wote mpaka mjini, anayauza kwa bei mliyopatana, kesho ni zamu ya mwingine. Nikatarajia akusifu. Akavua miwani.

"Wanauza kwa bei moja?"

"Ndiyo."

"Wamepatana?"

"Ndiyo."

"Hakuna anayepunguza amshinde mwenzake?"

"Akipunguza leo, kesho nani atambebea?"

"Bwana Yusuf," akasema kwa huruma, "kwa sheria tunayosoma hapa, wa kwanza kuitwa mahakamani ni dada yako."

Pokea pole zangu, abaayo. Nimevuka bahari nikatafute sheria ya kukulinda, nikapata ya kukufunga. Nikamwambia hilo haliwezekani, huyu ndiye aliyenilea. Akasema, "Lakini kwa nini kila mmoja asiende sokoni peke yake na maziwa yake?"

"Profesa, punda ni mmoja."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema huenda hao walioandika vitabu hawakumfikiria punda. Akaniambia nisitazame sana nani amepatana na nani, nitazame mlango: baada ya mapatano hayo, nani bado anaweza kuingia na nani amefungiwa nje. Ninyi mkibebeana, Dahabo ananunua, dereva wa lori ananunua, mpita njia ananunua. Akija mwanamke mwingine na kibuyu chake, mnampa zamu. Sharti la Dheere linawaacha wote nje.

Niliporudi chumbani ndipo lile swali la ngamia walio sawasawa lilipopata jibu. Shuka inafaa kwa ngamia, kwa sababu kila ngamia ana sura yake. Maziwa yenu yakishamiminwa pamoja, nani atasema haya ni ya Halima na haya ni ya jirani? Hayana nundu, hayana jicho bovu. Bei yake ni moja, na bei moja haina haja ya kufichwa. Anayeificha anataka ninyi msilinganishe. Naogopa kila mume amebanwa vidole tofauti, na kila mmoja anafurahi kwa kudhani ya kwake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Dheere si mtu mbaya, mimi namjua, ni mfanyabiashara hodari kuliko mimi nilivyo mwanafunzi. Amechukua desturi yetu ya mnadani akaipeleka kwenye maziwa, na waume zenu, kwa kuwa ni desturi, hawakushtuka. Hata mimi nisingeshtuka. Ningerudi nyumbani nikitabasamu.

Kwa hiyo, abaayo, mimi nisingekataa. Lori ni neema, na maziwa ya jioni mara nyingi huwaharibikia. Lakini mwiteni Dheere pale kwa Dahabo, mchana, kila mtu akiwa ameketi na chai yake. Shuka aiache begani. Ataje bei ya mvua na bei ya kiangazi papo hapo, wote wasikie, na sehemu ya Dahabo itengwe kabla lori halijapakiwa. Akikubali, muuzieni na mumwombee barabara njema. Akisema haiwezekani, mtakuwa mmeijua bei ya kiangazi bila kuingojea. Uamuzi ni wenu. Mimi nina vitabu tu, punda mnaye ninyi.

Nisalimie Hooyo huko Ijara, umwambie mwanawe mdogo anavaa soksi mbili mbili na bado anasoma Kurani yake. Msalimie abti, mjomba wetu, kule Diff, mwambie ngamia wake nawaota kuliko ninavyowaota watu, asichukie. Msalimie Dahabo, anichemshie birika moja moyoni, yenye iliki na moshi wa kibuyu, nitakuja kuidai.

Sasa, shemeji Bare. Najua umesoma mpaka hapa bila kukata, kwa sababu dada yangu amekaa karibu anakutazama mdomo. Umekuwa askari miaka mingi, umekabiliana na chui na majambazi wa shifta, hili nalo utaliweza. Weka barua chini. Mgeukie mkeo, umwambie Dheere alikubana vidole vingapi. Kisha mwende wote wawili kwa jirani, mkamwulize mumewe.

Ndimi mdogo wako, karani wa zamani na mwanafunzi mzee. Natia mkono wangu hapa mbele ya Bi Edith, bila shuka juu yake.

Yusuf