Kiti Alichoacha Mama

Sapiwi, Jumanne usiku

Mama amelala. Mimi usingizi sina.

Asubuhi, kwa tiketi za punguzo ninazopewa kama mfanyakazi wa shirika la ndege, tulipandishwa daraja la kwanza wote wawili, Dar mpaka Mwanza. Mlango haujafungwa, akaja abiria aliyelipa nauli kamili ya daraja hilo. Mhudumu, mwenzangu kazini, akaninong'oneza: "Mmoja wenu arudi nyuma."

Mama alisikia. Akakusanya kanga yake, akainuka. Nami nikageukia dirishani kama sikusikia. Nilitaka wenzangu wanione nimekaa mbele, basi.

Jioni, tulipofika kijijini kwetu hapa Sapiwi, majirani walipouliza habari za ndege, Mama akacheka: "Mwanangu alinipa kiti cha wakubwa, nikakikataa mwenyewe. Nikaenda nyuma kwenye watu wa kuongea nao."

Wakanisifu kwa kumtunza mama yangu. Nikajibu, "Asanteni."