Nichague Mlima wa Baba Mkwe au Ziwa la Chini?

Bi Thelma mpendwa,

Nakuandikia wewe wa gazeti la mjini, si yule wa gazeti letu la hapa bondeni, kwa sababu hapa kila mtu angetujua, na majina yote humu nimeyabadilisha, pamoja na la mlima. Nisaidie kwa ushauri, maana Jumapili ijayo natakiwa kusimama mbele ya familia nzima ya mke wangu nitaje mahali, na sijui nitaje wapi.

Mimi ni mtu wa Nebraska, kwetu ni mahindi na upepo, na nilipomwoa Marlys nikahamia huku Montana sikujua hata kulungu hulala wapi, wala namna ya kumtoa ndoana samaki aina ya trauti bila kumchana mdomo. Baba yake, Mzee Orrin, ndiye aliyenishika mkono akanifundisha yote, na hakuwahi kunicheka, ingawa nilimpa sababu za kutosha. Vuli yangu ya kwanza nilifuata nyayo za kulungu hadi ukungu ukashuka, nikapotea, nikatupa mkoba nikaanza kukimbia ovyo jinsi wanavyokimbia wale ambao maiti zao huokotwa theluji ikiyeyuka, na ndipo nikasikia kitu kinagongwa huko chini, hakinyamazi, nikaufuata mlio hadi nikamkuta mzee amekaa juu ya gogo anagonga kikaango kwa kijiko cha chuma, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Maharage yanapoa," akanyanyuka. Hadi leo shemeji yangu Darrell hajui kwamba nilipotea, na wewe unayewajua wawindaji unajua kwamba kwa jambo kama hilo mtu huchekwa mpaka azikwe.

Na si hilo tu, Bi Thelma. Kiwanda cha mbao kilipofungwa nikakaa bila kazi majira yote ya baridi, watoto wangu walikula nyama ya kulungu wake na samaki wake, na kila alipotuletea alilalamika kwamba friji lake limejaa, kwamba tunamsaidia kupata nafasi. Nilikwenda siku moja kumrudishia bakuli, nikafungua friji hilo, halikuwa na kitu ila barafu na kipande cha siagi. Nilifunga mlango nikalia kama mtoto, sioni aibu kukuambia.

Sasa kuna desturi ya nyumba hii, aliiweka babu yao. Anayepiga kulungu wa kwanza katika msimu ndiye anayechagua mahali pa mwaka unaofuata, na hapo hapo tutavua kiangazi na kuwinda vuli, hatuhamihami. Anataja mahali kwenye chakula cha Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, mwisho wa Mei, na akishataja haulizwi kwa nini, wala yeye haelezi. Miaka yote niliyokaa hapa imekuwa kama mchezo tu, kwa sababu yeyote anayeshinda, awe Darrell au Marlys au mzee mwenyewe, hutaja mlima Keogh. Keogh ni mlima wa mzee. Baba yake alimbeba mgongoni hadi huko juu, na marehemu mama mkwe alivua trauti wake mkubwa kuliko wote kwenye kiziwa kile kilicho chini ya miamba. Lakini ni mwinuko mkali, Bi Thelma, unapanda kutwa nzima huku umebeba hema na jiko la bati, na hata farasi wanakataa sehemu ya mwisho.

Vuli iliyopita bahati iliniangukia mimi. Tulikuwa tumelala kifudifudi nyuma ya mti ulioanguka, mimi na mzee, theluji nyepesi ikianguka tangu alfajiri, mbingu nzito kama blanketi, na dume moja likatokea upande wake, karibu kiasi kwamba nilisikia likipumua. Mzee aliinua bunduki, akamlenga kwa muda mrefu, kisha akaishusha akaninong'oneza, "Jua limeniingia machoni. Mpige wewe." Nikampiga. Huyo ndiye aliyekuwa kulungu wa kwanza, na mzee alinipiga begani akafurahi kuliko nilivyofurahi mimi.

Tukiwa njiani kurudi, sisi wawili kwenye pikapu, dume limelala nyuma, akazima redio akaniambia kwamba daktari ameusikiliza moyo wake na hakuupenda. Kutembea tambarare sawa, kupanda marufuku. Akasema, "Marlys asijue. Wala Darrell." Nikamwahidi. Akawasha redio, na hatujalizungumzia tena.

Nimeshapata mahali pengine. Kuna ziwa, tuliite Tansy, barabara inafika hadi kwenye maji, trauti wamejaa, na nyuma yake kuna vichaka vya miti myembamba ambako kulungu hushuka theluji ikiwafukuza huko juu. Nilikwenda peke yangu Aprili, nikaona nyayo na kinyesi na magome ya miti yaliyosuguliwa kwa pembe. Lakini Darrell husema Tansy ni pa watu wanaovua wamekaa kwenye viti vya kukunja, na tangu mwezi uliopita ananitania, eti shemeji wa tambarare asije akatupeleka tukawinde kwenye maegesho ya magari. Nilipomdokezea Marlys kwamba huenda mwaka huu tubadilishe, alinitazama kama mgeni akasema, "Umepewa kila kitu na baba. Usimnyang'anye mlima wake."

Nikitaja Keogh, mzee atapanda, kwa sababu hawezi kubaki chini wengine wakipanda, na nitakuwa nimemuua kwa shukrani. Nikitaja Tansy nitaonekana mwoga asiye na fadhila, mke wangu ataumia, na sitaweza kujitetea bila kuvunja ahadi, na mzee mwenyewe atajua kwamba nimemhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi kwake kuliko kufa. Mtu aliyenitendea mema kiasi hiki namshukuru vipi? Nisaidie kabla ya Jumapili.

Mkwe wa Tambarare


Mkwe wa Tambarare,

Kwanza nikupongeze kwa kuubadilisha jina mlima. Watu huniandikia wakitaja waziwazi majina ya michepuko yao, lakini hajatokea mwindaji akanitajia anapowinda. Umeshakuwa mtu wa huku, hata kama Darrell hajapata taarifa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza machozi yalinilengalenga kwa lile friji, mara ya pili nikakukasirikia. Bwana wee, umeniandikia kila kitu na hukusikia hata neno moja la ulichoandika. Umesema theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri na mbingu ilikuwa nzito kama blanketi. Sasa niambie, hilo jua lililomwingia mzee machoni lilitoka wapi?

Mzee aliyewinda mlima huo tangu hajaota ndevu, dume liko mbele yake linapumua, anashusha bunduki anakupa wewe. Kisha siku ileile, ndani ya gari, anakufungulia siri ya moyo wake. Ana mtoto wa kiume na ana mtoto wa kike, na hakumwambia yeyote kati yao. Alimwambia yule aliyekuwa na haki ya kuchagua, haki ambayo alikuwa amempa yeye mwenyewe asubuhi. Alikuwa anakuomba, wewe. Wanaume wa milima hii hawajui kuomba kwa mdomo, huomba hivyohivyo, wakiangalia barabara. Na wewe tangu vuli umekaa na ombi la mzee wa watu mfukoni, ukidhani amekutwisha mzigo wa kuficha tu.

Keogh angeitaja mwenyewe kama angeitaka. Kuiacha kwa kinywa chake hawezi, ni mlima wa baba yake na wa mkewe. Ndiyo maana akatafuta kinywa kingine, akachagua cha kwako. Hujamnyang'anya mtu kitu.

Basi nisikilize. Jumapili simama, sema Tansy, kaa chini, jipakulie viazi. Usieleze. Babu yao alikuwekea sheria nzuri ya kujifichia, itumie. Usimtazame mzee unapotaja, na usitie huruma kwenye sauti. Darrell atakucheka mwaka mzima, muache acheke. Mzee alikutunzia aibu yako miaka yote hii bila kulipwa, na wewe sasa ubebe kicheko kidogo kwa ajili yake. Kama inakuuma, nunua kiti cha kukunja, mkaribishe Darrell akikalie.

Juni theluji ikishaondoka mpeleke mzee ziwani, na usimbebee kitu ambacho hajakuomba umbebee. Muulize kulungu watapita wapi vuli. Usimwoneshe zile alama ulizoziona Aprili hata kidogo, acha azikute mwenyewe. Hapo hajawahi kuwinda, itabidi aanze upya kusoma upepo na vichaka, na mtu wa aina yake hilo litamshughulisha kiangazi chote. Utakuta kufikia Agosti anamfundisha Darrell kwa nini Tansy ni pazuri. Na wewe kabla hamjaenda, hakikisha simu inashika mtandao huko.

La moyo ni jambo jingine, na hapo mimi na mzee hatuelewani. Marlys ana haki ya kujua kabla hajaamshwa na simu ya hospitali. Mkiwa wawili kwenye maji mwambie mzee kwamba umeitunza siri yake, lakini amwambie binti yake mwenyewe kabla msimu haujafunguliwa, la sivyo utamwambia wewe. Atanuna. Muache anune, endelea kuvua. Marlys naye akishajua, hayo maneno aliyokutupia atayarudisha mwenyewe, na wewe uwe mwungwana usimkumbushe.

Unauliza utamshukuru vipi. Ulipopotea kwenye ukungu hakuja kukukokota kwa kola, wala hakuwaita watu waje waone. Alikaa pale vidole vikimfa ganzi, akagonga kikaango, akaacha miguu yako mwenyewe ikulete. Safari hii aliyepotea ni yeye, naye kikaango amekukabidhi wewe. Jumapili kigonge, na akishafika umpakulie maharage kabla hayajapoa.

Bi Thelma