Ufunguo wa kanisa

Mama Julius, nimenyang'anywa ufunguo wa kanisa. Mimi niliyefagia pale miaka kumi na tisa.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia chini ya mabenchi huku namweleza Mungu habari za goti langu na mahindi yaliyokauka, kama kila siku. Kumbe mwinjilisti Lenku yuko mlangoni na akina mama wa kwaya.

Akasema, "Bibi, sasa pumzika nyumbani. Watu wanasema unaongea peke yako."

Peke yangu, Mama Julius. Ndani ya kanisa.

Wale wa kwaya wakajiziba midomo kwa kanga, wanacheka.

Nikamuuliza, "Na wewe mwanangu, Jumapili ukifumba macho pale mbele, huwa unaongea na nani?"

Akanyoosha mkono tu, nikampa ufunguo.