Samaki Hawakuwa na Njaa

Mama watoto, na nyinyi wengine mnaopita sebuleni mkono ukiwa kwenye kopo la chakula cha samaki: acheni! Leo hakuna kuwalisha.

Asubuhi nimewakuta wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Kitinda mimba ananiambia, "Wanaomba chakula, Baba. Tangu jana kila mtu anawapa." Kumbe kuna mtu alichomoa pampu ya hewa ili achaji simu! Samaki wanakosa hewa, sisi tunawamwagia chakula, kinaozea chini na kuimaliza hata ile hewa kidogo iliyobaki. Yule mwenye mkia mweupe nimemkuta ameshakufa.

Pampu nimeirudisha. Atakayeichomoa tena tutaonana wabaya. Punguzeni maji robo, pamoja na uchafu wa chini, mjazie yaliyolala kwenye ndoo ya bluu. Ya bombani moja kwa moja, hapana. Pazia lifungwe, maji yakipata moto hewa inapungua.

Mimi nimetoka. ~~Nitarudi saa nane.~~ Sijui nitarudi saa ngapi, miguu inawashwa na hamu ya kutembea. Tangu nistaafu, kila nikisimama dirishani mnaniletea sahani ya chakula. Leo nimeletewa chai kabla sijapiga mswaki, nikafoka. Mama watoto, samahani, chai haikuwa na kosa.

Ila mkinikuta tena pale dirishani, msiende jikoni. Vaeni viatu, tutoke.

Baba