Kifaru Alichochoma Mzee Ntandu

Singida Mjini
2 Februari 2024

Kwa mwanangu Hanifa,

Pokea salamu nyingi kama vitunguu vya kwetu msimu ukifika. Mimi mzima, mama yako mzima, magoti yake tu ndiyo yanalalamika. Wewe na baridi ya Bremen mnaendeleaje? Usinijibu kwa meseji. Meseji mtu anaifuta halafu anakataa. Barua ina mwandiko, na mwandiko ni shahidi.

Picha uliyotuma ya yale maboksi mawili ya vifaru vya vita, vya plastiki vya kuunganisha, nimeiona. Sasa nisikilize. Babu yako Mzee Sultani, tangu macho yazime, amebaki na starehe moja: kukaa kibarazani kwenye mashine ya kusaga pale Issuna na kusimulia jinsi baba yake, Mzee Ntandu, alivyochoma kifaru cha Wajerumani jangwani, enzi ya vita vya pili vya dunia, vile vya Waingereza. Mwezi uliopita jirani yake Chediel akamkatiza mbele za watu: "Baba yangu alikuwa na Ntandu hukohuko. Ntandu alishika sepetu, bunduki aliisikia tu." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo babu yako hatoki nje, na ugali anaugusagusa kama wa jirani. Nimemuuliza anataka nini. Kasema, "Nikishike hicho kifaru kwa mikono yangu."

Chediel kanyamaza miaka yote hii, leo ndiyo kakumbuka? Kuna mtu nyuma yake. Namchunguza.

Wewe chagua kile kikubwa kilichoandikwa Taiga. Mimi nimeendesha Skania mpaka Lubumbashi, chuma nakijua hata kwenye picha. Kile kingine ni kidogo, kama trekta la ushirika. Na usianze kunishaurishauri.

Baba yako,
Kitwana Sultani, dereva wa kimataifa mstaafu

*

Bremen
1 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, zamu za hospitali tu ndizo zinanichosha. Mpe pole Mama kwa magoti.

Nimerudi dukani mara mbili. Muuzaji alinifungulia maboksi yote mezani. Vyote vimepunguzwa kwa kipimo kimoja, mara thelathini na tano. Taiga ni kubwa kweli, kichwa chake kama sufuria la harusini. Ila magurudumu yamelaliana kama sahani kabatini, kuyahesabu kwa kidole ni shida, na mlango uko juu. Minyororo yake unaunga kipande kwa kipande.

Hiki kingine wanakiita namba nne. Magurudumu ni madogo, manane kila upande, na juu yake manne madogo zaidi ya kubeba mnyororo. Kichwa kina milango ubavuni, kulia na kushoto. Mnyororo wake ni wa mpira, unauvalisha kama mkanda. Muuzaji anasema Taiga zilizofika Afrika ni chache, tena mwishoni.

Baba, Babu atakisoma kwa vidole. Akigundua sicho, atajua kwamba hata ninyi wanawe mnamwona mwongo. Muulize baba yake alimweleza nini: magurudumu mangapi, mlango wapi. Usimwambie kwa nini unauliza.

Mwanao,
Hanifa

*

Singida Mjini
29 Machi 2024

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Sote wazima, tumefunga, na mimi nikifunga hasira inakuwa karibu, kwa hiyo vumilia.

"Usimwambie kwa nini unauliza"! Haya ni maneno ya askari kanzu, siyo ya muuguzi. Unampeleleza marehemu? Na huyo muuzaji anayejua sana mambo ya Afrika, umemuuliza ana undugu gani na Chediel?

Hata hivyo nimekwenda Issuna. Nilimkuta shangazi yako Swaumu anachambua maharage ya futari. Nikamuuliza Mzee yale uliyosema. Akaomba maharage, akayapanga mkekani: manane kwa mstari, juu yake manne. Akafunika kwa kiganja kuwa ndicho kichwa, akanishika kidole akakiweka ubavuni mwa kiganja. "Mlango hapa." Ni kitrekta chako kile kile.

Basi ningefurahi. Lakini akaongeza: "Na ndani kulikuwa na picha ya mwanamke na mtoto, imebandikwa." Nikamuuliza kajuaje. Kasema baba yake alimwambia.

Hanifa, mtu aliyechoma nyumba akiwa nje hajui picha iliyobandikwa ukutani. Mimi darasa la saba nimeliona hilo, na wewe mwenye shule naona uliliona kabla yangu. Tangu juzi linagonga kichwani kama nati iliyolegea. Sitaki kulisikia.

Tuma Taiga. Mlango wake uko juu, mbali na maswali. Kama kuna uongo, bora uwe mkubwa.

Baba yako,
Kitwana

*

Bremen
6 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini Idi ilikwenda salama na Babu amekula vizuri.

Nimetuma namba nne. Ukasirike, lakini fungua boksi.

Nimesoma maktaba kwamba vijana wa kwetu walipelekwa jangwani, Afrika ya Kaskazini, kufanya kazi za mikono: kupakia, kuchimba, kuzika. Sisemi Mzee Ntandu alikuwa mmoja wao. Sijui. Nakuambia nilichosoma ili usije ukasema nilikuficha.

Kuna jambo moja la kuamua mwenyewe. Kwenye karatasi ya maelekezo, hatua ya kumi na tisa, unaweza kubandika milango ya ubavuni ikiwa wazi au ikiwa imefungwa. Gundi ikikauka basi. Mimi sikuamulii.

Mwanao,
Hanifa

*

Issuna
Ijumaa, 21 Juni 2024

Mwanangu Hanifa,

Marahaba. Tu wazima. Naandika nimekalia gunia la pumba, mwandiko ukiyumba usidhani nimelewa.

Kifaru nilikiunganisha siku tisa. Fundi kama mimi, gurudumu moja likanigandia kwenye sharubu, mama yako akalitoa kwa mkasi, na nusu ya sharubu ikaenda nalo. Nilipofika hatua ya kumi na tisa nikafunga mlango wa chumba, nikafunga na ile milango ya kifaru, nikapaka gundi mara mbili. Kwa roho yangu nilikuwa namlinda Mzee.

Jana nilikileta huku Issuna, nikampakatisha Mzee. Alianza na magurudumu, akayahesabu kwa sauti. Manane. Akapanda juu, manne. Akafika kichwani, akatafuta ubavuni kwa ukucha. Akarudia.

"Kitwana, umeufunga."

"Umekuja hivyo, Baba."

"Huku kulia?"

"Umekuja hivyo."

"Na kushoto nako?"

Nikageuka kumuuliza Swaumu kama chai iko tayari. Mimi, Hanifa!

Akasema, "Baba yangu hakuchoma kitu. Aliwatoa waliokufa ndani, kupitia hapa, akawazika. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisiseme akiwa hai. Kibarazani alisema kachoma, nami nikaendeleza. Nikadhani ninyi ndicho mnachokitaka. Kila nikianza kusimulia ulikuwa unawaita wenzako waje wasikilize. Ningekuambia nini?"

Mwanangu, nilikuwa nawachunguza watu wote, kumbe mzee ndiye aliyekuwa ananichunguza mimi, kama naweza kubeba ukweli.

Nikamuuliza sasa alikitakia nini kifaru. Kasema baba yake alimweleza kwamba mtu alikuwa hapiti wima, ilibidi akunjwe kwanza bega moja, ndipo lije la pili. Na kwamba hilo bega la pili ndilo lililomnyima usingizi mpaka anakufa. "Nilitaka kujua mlango ni mwembamba kiasi gani."

Nikachukua wembe. Gundi yako ya Ulaya ni ngumu kama deni la mkwe, nikavunja bawaba moja, lakini ulifunguka. Mzee akaingiza kidole kidogo. Kikakwama kwenye kifundo. Akakiacha humo muda mrefu. Kisha akamwambia Swaumu alete ugali, akala, akaomba tena.

Leo baada ya sala kasema nimlete kwenye mashine. Nilitaka nitangulie niwapange watu, nimwambie Chediel mawili matatu. Kanikataza. Kasema nimfikishe tu mlangoni, halafu nikae nje, maana mdomo wangu utamharibia.

Ndiyo niko nje. Mashine wameizima. Mwanzoni niliwasikia wakicheka, Chediel kwa sauti kuliko wote. Sasa hakuna anayecheka. Anaongea Mzee peke yake, kafika kwenye bega la pili.

Baba yako,
Kitwana