Gari Lisilobeba Mtu

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote walio kwenye kilima chetu cha Kashuga. Mwalimu wa katekismu anayekusomea barua hii namsalimu pia, na namwomba asiisome mbele ya Mama mpaka wewe uwe umesikia yote. Mimi ni mzima wa mwili. Mama je, miguu bado imevimba? Bado analala ameketi? Najua ninyi mna swali moja tu, gari liko wapi. Papa, gari halitakuja. Nakuambia mapema, usije ukalisubiri mpaka mwisho wa barua kama unavyolisubiri barabarani.

Unakumbuka tulivyopanga. Yule Mzungu wa shamba la pareto, njia ya Kitshanga, alinunua pikapu mpya Kampala kwa tajiri wangu Mhindi, naye akanichagua mimi niipeleke kwa kuwa najua njia. Mzungu aliandika kwamba nikiifikisha salama ataniachia siku moja, kabla hajaipakia pareto, nimpeleke Mama hospitali ya misheni. Mimi sina karatasi nyingine ya kunivusha mpaka. Ile ya gari ndiyo ilikuwa ya kunirudisha nyumbani.

Sasa gari jipya huku halitembei hivi hivi. Mpaka liandikwe kwa mwenyewe, hufungwa namba za muda, vibao viwili vya bati vyenye herufi nyekundu, pamoja na karatasi ya masharti. Mhindi alinisomesha masharti hayo mpaka nikayajua kama Baba Yetu. Dereva ni yule aliyeandikwa, si mwingine. Siku ni nne. Njia ni moja, ya kwenda mpakani, na hakuna kurudi nyuma. Usibebe mzigo, hata mkungu wa ndizi. Usibebe mtu. Na ushike kushoto mpaka Bunagana, ukivuka kuingia kwetu ndipo uhamie kulia. Nilimwambia Mhindi kwamba hata padri hana amri nyingi hivi. Hakucheka.

Siku mbili niliyashika yote. Masaka watu walinipungia, nikapita. Mbarara mwanamke mwenye mzigo kichwani alinitukana na mama yangu juu yake, nikapita. Siku ya tatu nilikuwa nimeiacha Kabale nyuma, juu kwenye kona za kwenda Kisoro, nikaiona milima yetu ya moto. Niliimba, Papa, peke yangu ndani ya gari la watu. Halafu mvua ikaanza, na kwenye kona nikakutana na ngobyi. Wanaume sita walikuwa wamembeba mama mzee kwenye machela ya matete, wanashuka kwenda hospitali ya Kabale, na miguu yao ilikuwa inateleza.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ulinifundisha wewe. Kwetu mtu akikutana na ngobyi hapiti. Anatua alichobeba, anaingiza bega, hata kama mgonjwa hamjui. Ulinichapa nilipokuwa mdogo kwa sababu nilijificha kwenye mahindi ngobyi ikipita. Watu wa Kabale wana desturi hiyo hiyo. Walisimama wakaniangalia, hawakuomba kitu. Nilishuka nikaingiza bega. Baada ya hatua kama ishirini nikauona upumbavu wangu, nimeacha gari tupu barabarani nabeba mgonjwa kwa bega. Basi nikaligeuza gari. Tulimketisha mama mzee mbele, na mwanawe, mtu mwenye mvi, akamshikilia.

Tunaingia mjini, askari akatusimamisha. Alisoma kibao, akasoma karatasi, akauliza nani ameniruhusu kubeba mtu, na kwa nini ninarudi.

"Afande, huyu mama iko na kufa," nikamwambia. "Acha nimufikishe kwanza, njo unifunge."

Aliinama akamtazama mgonjwa. Nadhani alitaka kunifungulia mlango, maana aliuliza taratibu, "Ni mama yako?"

Papa, ningesema ndiyo, ningekuwa nyumbani. Lakini nilimwona Mama ameketi kitandani anatafuta pumzi, na ulimi ulikataa kumpa mtu mwingine jina lake.

"Hapana," nikasema. "Mama yangu iko Kashuga."

Aliniacha nimfikishe, kisha akanifunga. Leseni yangu imechukuliwa mwaka mzima. Mhindi alituma dereva mwingine, naye akaifikisha pikapu na kuniletea jibu la Mzungu, kwamba dereva asiyeshika masharti asimwombe siku. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Sasa nachimba mifereji ya barabara hapa Kabale, ile ile niliyoipita nikiimba.

Juzi mwana wa yule mgonjwa alinitafuta, ameniletea kibuyu cha uji wa mtama. Mama yake amepona, anamenya viazi. Nilifurahi, Papa. Halafu nikachukia kwamba nimefurahi.

Maji yamekwisha kumwagika. Usingoje gari, kusanya wanaume mmbebe Mama kwa ngobyi. Najua vijana wamekwisha kwenda mashamba ya Wazungu na migodini, na mgongo wako wewe mwenyewe haufai. Mtumeni mtu Walikale kwa shemeji, mume wa dada, maana mwindaji yule ana mabega. Mfungieni Mama blanketi langu. Huko njiani mtakaokutana nao wataingiza bega, kama bado ni watu. Mkipita kwenye shamba la pareto mtaiona pikapu ya kijani imesimama. Msiiangalie.

Sidhani kama barua hii itafika kwa wakati. Naandika kwa sababu sina kingine cha kufanya kwa mikono hii jioni.

Nisalimie dada na watoto wake, shangazi anayemkandia Mama miguu, mjomba mfuga nyuki, na mke wangu, ambaye nitamwandikia nikipata la kumwambia. Mungu awashike huko nisikofika.

Na njiani, Mama akiuliza ni nani aliyeshika nyuma, mwambieni ni Petro.

Mwana wenu,
Petro