Sitini na Saba Waliofutwa

Jumatatu, 4 Novemba 2019
Mvua ya Groningen, ya kukata masikio. Leo utafiti wa tisa, wa mwisho kati ya tunazokagua. Vipimo viwili vya damu, cha zamani na kipya: kipi kinagundua vizuri zaidi damu iliyoganda mapafuni? Mwandishi ni Profesa Hessel Brandsma — mkuu wetu mwenyewe. Mimi na mwenzangu Ruurd tunausoma kila mtu kivyake, kisha tunaandika hatari ya upendeleo, yaani ya matokeo kupindishwa: ndogo, au kubwa. Kazi yetu kuwapima wapimaji.

Kipimo kipya hakijakosea hata mara moja. Nimerudia jedwali mara tatu. Waliopimwa kwa cha zamani walipigwa picha ya kifua wote, kuhakikisha. Walioambiwa na kile kipya "huna kitu" — sitini na saba — hawakupigwa picha. Wamefutwa kwenye hesabu. Ukishamfuta uliyemkosea, utaonekana umekosea wapi?

Jumanne, 5 Novemba
Ruurd, mkate na jibini mdomoni: mwenye nguvu mpishe, bibie, andika ndogo twende zetu.

Nikaenda kwa Hessel. Alinisikiliza akitabasamu. "Tjitske, nani alikufundisha kusoma jedwali?"

"Wewe, Profesa."

"Basi nimefundisha vibaya."

Akanisindikiza hadi mlangoni, mkono begani kama baba. Kisha akaubamiza mlango. Vidole vyangu vilikuwa kwenye fremu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Akafungua, akatazama damu, akasema pole, upepo.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Alhamisi, 7 Novemba
Naandika kwa kushoto. Vidole viwili vimevunjika.

Nimeomba masjala orodha ya wale sitini na saba. Watatu walikufa ndani ya wiki moja baada ya kupimwa. Mmoja ni Aaltje Wubbels, miaka hamsini na moja, mwokaji mikate. Aliambiwa damu yake safi, akarudi nyumbani, akaanguka siku ya nne mbele ya tanuri.

Mumewe, Geert, namjua kwa sura. Mwaka mzima anakuja mapokezi kuuliza swali lile lile, kwa nini mkewe aliambiwa yu mzima, anarudishwa. Leo nilimkuta pale. Sikuruhusiwa kusema. Nikasema.

"Yaani hawakumhesabu?" akauliza.

"Hawakumhesabu."

"Hata kati ya waliokufa?"

"Hata kati ya waliopimwa."

Alivaa kofia yake taratibu. Akasema asante, dada. Sikuipenda ile asante.

Ijumaa, 8 Novemba
Mchana, kwenye banda la baiskeli. Hessel ameinama anafungua kufuli. Geert akatokea nyuma yake na mnyororo wa baiskeli mkononi, ule mnene. Pigo la kwanza mgongoni. La pili lilimpasua sikio. Hessel akageuka, mikono juu, akapigwa la tatu mdomoni — meno yakaruka kwenye matofali. Hapo ndipo Geert alianza kuongea, kila pigo na jina. Aaltje. Aaltje.

Nilikuwa hatua kumi. Nilihesabu mapigo hadi manne ndipo nikapiga kelele. Manne. Hilo naliandika hapa kwa sababu mahali pengine popote sitaliandika.

Walinzi wawili walimlaza Geert chini, goti shingoni. Mmoja aliendelea kumpiga mbavuni hata alipotulia. Sijui kelele gani zilikuwa za nani.

Jumatatu, 11 Novemba
Hessel yu hai. Taya limefungwa waya, jicho moja huenda likapotea. Idara nzima inamchangia maua. Nimetoa na mimi.

Jumatano, 13 Novemba
Kamati inayopokea ukaguzi wetu inakaa leo. Nimeandika kubwa. Ruurd ameandika ndogo. Tukitofautiana lazima tukubaliane neno moja, ndiyo kanuni.

Ruurd akanivuta kando ya ngazi. Anasema watu wanaona mwenye upendeleo ni mimi: kavunjwa vidole, sasa analipiza. "Weka ndogo. Polisi wananiuliza nani alimwambia yule mzee Geert. Mimi sijui kitu, Tjitske. Nisaidie nisijue."

"Na watakaopimwa kesho?"

"Hao hujawaona. Mimi unaniona."

Nimekaa kwenye korido. Fomu iko pajani, nafasi ya neno moja tu. Ruurd ameitwa ndani na polisi. Mlango haukufungwa vizuri. Afisa anamuuliza taratibu, kwa adabu, nani alimwambia Geert — namwona Ruurd kupitia ufa, anautazama mkono wangu wenye kalamu, anangoja neno nitakaloandika ndipo ajibu.